Gari Moja, Namba Mbili

Tulimwacha Fundi Saa amepiga magoti kwenye mlango wa gari alilolinunua juzi. Kiti cha mbele kilikuwa kimenyanyuliwa, na mkaguzi wa kituo cha mpakani alikuwa akikwangua chuma kilicho chini yake kwa ncha ya bisibisi.

Rangi nyeupe ikabanduka. Chini yake ikatokea bluu.

"Mzee," mkaguzi akasema, "sogea uone mwenyewe."

Uliyetukosa wiki jana, nakupa kwa ufupi. Huyu ni fundi wa saa, mtu wa miaka hamsini na nane, ambaye maisha yake yote ameketi kwenye kibanda cha vioo akifungua saa za watu. Figo za mkewe zimegoma. Mara tatu kwa wiki lazima afike hospitali ya mji wa pili akasafishwe damu, na kila mara hurudi kwa basi, kichwa kimeegemea dirisha, mfuko wa kutapikia mkononi. Ndiyo maana Fundi Saa akavuka mpaka, akaenda nchi jirani ambako magari yaliyotumika hupatikana kwa unafuu. Akanunua kigari cha mlango wa kusukuma pembeni, chenye kiti kirefu cha nyuma ambacho mgonjwa anaweza kujinyoosha akalala. Sasa alikuwa anarudi nacho nyumbani. Kilibaki muhuri mmoja tu.

Alitoa mfukoni kile kioo kidogo anachobana jichoni anapofungua saa, akainama.

Hakuhitaji kuambiwa. Namba ya chesisi ilikuwa na tarakimu kumi na saba, na tatu kati ya hizo zilikuwa za uongo. Nane ilizaliwa tatu. Sita ilikuwa sifuri. Kingo za michoro yake zilikuwa kali, mpya, wakati za jirani zake zimekwisha kulika kwa miaka. Saa ya namna hiyo ingeletwa kibandani kwake, angemrudishia mwenyewe kabla hajaketi na kumwomba aende zake.

Lakini juzi, kwenye yadi ya magari, hakunyanyua kiti. Kioo kilikuwa mfukoni, naye hakunyanyua kiti.

Mkaguzi alikuwa mama wa makamo, mwenye sauti ya taratibu na kalamu mbili kwenye nywele. Alimchukua ofisini, akamwonyesha kiti cha plastiki, akabofya kompyuta yake kwa muda mrefu. Printa ikakohoa karatasi mbili.

Kadi ya gari, alieleza, ilikuwa halali kabisa. Haikughushiwa. Tatizo ni kwamba gari la kadi hiyo lilikwisha kufa. Liligongana na lori miaka miwili iliyopita, likauzwa kwa kilo kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Mtu fulani aliitunza kadi yake, akatafuta gari jingine la aina ileile, akalipaka rangi ya lile marehemu na kulichongea namba zake.

"Na hili jingine?" Fundi Saa aliuliza.

Mkaguzi akasukuma karatasi ya pili mezani. Namba ya zamani, ile iliyokuwa chini ya rangi, ilikuwa imeripotiwa polisi siku sita zilizopita. Gari limepotea.

Fundi Saa akafungua bahasha yake, akatoa karatasi moja aliyokuwa akiitegemea kama mtu anavyotegemea ukuta. Ilitoka ofisi ya usajili wa magari. Ilisema gari limehakikiwa, halina deni, halina kesi, na mwenye kadi ndiye mwenye mali. Ilikuwa na sahihi. Ilikuwa na muhuri wa duara wenye tarehe.

Mkaguzi aliisoma mara moja tu.

"Ulikwenda mwenyewe kwenye dirisha lao kuichukua?"

Fundi Saa alikiri kwamba hakwenda. Aliletewa. Aliambiwa foleni ni ya siku nzima, na yeye alikuwa akiihesabu kila saa, kwa sababu Alhamisi mkewe alitakiwa hospitali.

"Tazama tarehe ya muhuri, mzee."

Akaitazama. Haikumwambia kitu.

"Hiyo ni Jumapili," mkaguzi akasema. "Ofisi ile Jumapili haifunguliwi."

Hapo, msomaji wangu, ndipo alipoelewa. Aliona siku yote ile ya juzi ikimpita mbele ya macho. Muuzaji mwenye haraka, aliyekataa kutoa kitambulisho mpaka alipobanwa, kisha akatoa kivuli cha kitambulisho na si chenyewe. Ufunguo mmoja badala ya mbili. Harufu ya rangi mbichi, iliyoelezwa kwamba ni usafi tu wa yadi. Kila kitu kilikuwa wazi, na yeye alikipita kama kipofu, kwa sababu hakuwa peke yake. Alikuwa na mtu anayemwamini.

Mkaguzi alipiga namba ya muuzaji iliyoandikwa kwenye mkataba wa mauziano. Haikupatikana. Akapiga tena. Haikupatikana. Akachomoa kalamu moja kichwani, akavuta fomu.

"Mzee, mimi naona kwa macho yangu kwamba wewe umepigwa changa la macho. Lakini sheria inaona umekamatwa na gari la wizi mpakani, unalitoa nje ya nchi. Unatofautiana na mwizi kwa kitu kimoja tu. Uniambie nani alikupeleka kwa huyo muuzaji."

Fundi Saa akafungua mdomo. Akaufunga.

Ngoja nikueleze kwa nini.

Aliyempeleka alikuwa shemeji yake, mdogo wa mkewe, ndugu pekee aliyebaki katika nyumba yao. Kijana huyo wa miaka thelathini na moja alilelewa na dada yake tangu akiwa wa kubebwa mgongoni. Alihamia nchi jirani akapata kazi kwenye yadi ya magari, na dada alipougua alirudi bila kuitwa, akajipeleka maabara mwenyewe. Majibu yalipotoka, madaktari walisema hawajaona damu zinazokubaliana hivyo kwa muda mrefu. Figo moja ya Shemeji ilikuwa ikingojwa. Siku tu ndiyo ilikuwa haijapangwa.

Kulitaja jina lake lilikuwa jambo la silabi chache. Polisi wa nchi zote mbili wangemtafuta, wangemfunga pingu, na figo ile ingeingia jela pamoja naye.

"Nilimpata muuzaji mwenyewe," Fundi Saa akasema. "Nilikuwa nazunguka kwenye mayadi."

Mkaguzi hakuandika. Alimtazama tu, kama anayempa nafasi ya kuyafuta maneno yale. Fundi Saa akaanza kumweleza habari za mkewe, akitumaini huruma. Alimweleza juu ya basi na mfuko wa kutapikia, na kwamba yupo ndugu aliyejitolea kumpa figo, yaani mwanga ulikuwa umeanza kuonekana, na kama angewekwa ndani leo, nani angemshika mgonjwa mkono? Mkaguzi alisikiliza yote. Kisha akasema mwenye gari ameshapigiwa simu na yuko njiani, na kwamba mzee anaruhusiwa kupiga simu moja nyumbani, hapo nje kwenye ujia, askari akiwa karibu.

Alipokea mkewe mwenyewe, na sauti yake ilikuwa ya furaha ambayo Fundi Saa hakuisikia mwaka mzima.

"Baba watoto, ungekuja mbio ungenikuta nacheza ngoma. Wamepiga kutoka hospitali. Ni Jumatatu. Jumatatu hii hii. Ndugu yangu alifika jana kwa basi, yuko hapa ananikatia matunda. Wewe na gari mmefika wapi?"

Fundi Saa aliegemea ukuta. Habari aliyoiombea kwa miezi kumi na minne ilimfika amesimama kwenye ujia wa ofisi ya mpakani, na askari anamtazama viatu. Alimwambia mkewe kwamba kuna karatasi kidogo zinasumbua. Akaomba ampe Shemeji.

Alisikia kisu kikiwekwa kwenye sahani. Alisikia mlango ukifunguliwa, kisha sauti za nje. Shemeji alikuwa ametoka uani.

Alimweleza kwa kunong'ona: namba mbili, rangi ya bluu, muhuri wa Jumapili. Alitegemea kusikia mshangao. Alitaka sana kusikia mshangao. Hata laana ingetosha.

Shemeji akauliza kitu kimoja.

"Umenitaja?"

"Bado."

"Basi usinitaje, shemeji. Kwa ajili ya dada."

Simu ikakatika. Fundi Saa aliirudisha mfukoni taratibu. Alijua. Kijana alijua tangu mwanzo. Alimtafutia dada yake gari la mtu mwingine, akampa yeye aendeshe.

Alirudi ofisini, akaketi, akarudia uongo wake neno kwa neno. Safari hii mkaguzi aliuandika.

Saa mbili zikapita. Alihesabu nyufa za sakafu. Alikubaliana na nafsi yake kwamba atakwenda jela, na hesabu yenyewe haikuwa ngumu: yeye ana miaka hamsini na nane, mkewe ana hamsini na mbili, na Jumatatu iko siku tano mbele. Akinyamaza siku tano tu, mkewe atapona. Baada ya hapo wamfanye watakavyo. Lilikuwa wazo baya, lakini ndilo pekee alilokuwa nalo, na alikaribia kupata amani ndani yake.

Ndipo mlango ukafunguliwa akaingia mwanamke.

Alikuwa amevaa aproni ya kazi, ameisahau mwilini, imejaa unga. Alisema yeye na mumewe wana tanuri la mikate, na gari lile ndilo lililokuwa likipeleka mikate madukani alfajiri. Hakumwangalia Fundi Saa. Alitaka kwanza kuliona gari.

Walitoka wote watatu. Mwanamke alilizunguka lile gari jeupe mara moja, akatikisa kichwa kwamba silo. Kisha akasukuma mlango wa pembeni, akaingia, akapapasa kiti kirefu cha nyuma hadi pembeni kabisa, karibu na dirisha. Kitambaa kilikuwa kimechanika hapo zamani na kushonwa kwa uzi wa kijani.

Aliketi kando ya ule mshono.

"Nilishona mwenyewe," alisema. "Sikuwa na uzi wa rangi nyingine siku hiyo."

Fundi Saa alimwambia kwamba gari ni lake, alichukue, yeye hatadai kitu.

Mwanamke akamgeukia kwa mara ya kwanza. Macho yake yalikuwa makavu, mekundu, ya mtu aliyemaliza kulia siku kadhaa nyuma.

"Nani kakwambia nimefuata gari?"

Mkaguzi akainamisha uso. Yeye alikuwa anajua, hakupata namna ya kulisema. Ripoti ile ya polisi ilikuwa na kurasa mbili, na Fundi Saa alionyeshwa moja. Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa gari. Wa pili ulikuwa wa mwanamume aliyekuwa akiliendesha.

Walirudi ndani, na mwanamke akasimulia huku mkaguzi akiandika. Walikuwa wameamua kuliuza ili wanunue kubwa kidogo. Alhamisi iliyopita wakaja wanunuzi wawili. Mmoja, mnene, alibaki nje anakagua matairi. Mwingine aliingia dukani, kijana mpole, akaomba maji. Waliomba kulijaribu gari barabarani pamoja na mwenyewe, nusu saa tu. Mumewe alichukua kadi ya gari, akavua aproni, akatoka nao. Hajarudi mpaka leo. Siku sita.

"Na uliwaruhusu tu?" mkaguzi aliuliza, bila ukali.

"Mimi ndiye niliyemwambia aende." Mwanamke alikuwa akikunja na kukunjua pindo la aproni. "Mume wangu alisita. Alisema hawajui hawa watu. Mimi nikamwambia yule mnene simjui, lakini huyu kijana ni mtu mwema. Kwa sababu nilimkaribisha soda akakataa, akataka maji matupu. Nikamuuliza, kijana mzima hunywi soda? Akaniambia daktari amemkataza. Alisema anazitunza figo zake, moja si yake tena, anakwenda kumpa dada yake."

Kalamu ya mkaguzi ilisimama.

Printa ilikuwa inanguruma yenyewe pembeni. Fundi Saa alikuwa ameyafumba macho, na alipoyafumbua alikuta mama yule wa forodha ameigeuza fomu yake kifudifudi mezani, ile yenye uongo wake wote.

"Mzee," alisema. "Huyo ndugu anayempa mkeo figo, anafanya kazi gani?"

Siku tano, Fundi Saa aliwaza. Nilihitaji siku tano tu. Kisha akamwona yule mwanamke, ambaye alikuwa bado hajaelewa, akiwatazama wote wawili kwa zamu, unga umemganda kwenye vifundo vya vidole.

"Anauza magari," akasema.

Alitaja jina. Alitaja na yadi, na mtaa, na kwamba hivi tunavyoongea yuko nyumbani kwake, anamkatia dada yake matunda. Lilipomtoka la mwisho alijua amemuua mkewe kwa mdomo wake mwenyewe, na hakuhisi hata kile kiunafuu ambacho watu husema hukipata wakisema kweli.

Mwanamke hakupiga kelele wala hakumrukia. Aliteremka kwenye kiti mpaka magoti yakagusa sakafu, mbele ya mtu huyu aliyekamatwa na gari la mumewe.

"Kaka yangu, sitaki afungwe," alisema. "Sitaki gari. Abaki na figo zake ampe dada yake. Mpigie umuulize tu nimfuate wapi mume wangu. Hata kama ni kuzika, niambieni nikazike."

Mkaguzi alimnyanyua. Kisha akamwambia Fundi Saa atoe simu yake mfukoni, aiweke mezani. Alimwagiza apige namba ya Shemeji, aweke sauti ya nje, aseme mambo ya mpakani yamekwisha salama na gari limevuka. Kama mume wa mwanamke huyu amefichwa mahali mpaka gari lipite, alieleza, basi Shemeji akisikia limepita huenda akatamka kitu. Ilikuwa nafasi ndogo. Lakini tangu asubuhi ile, hakuna aliyekuwa ametamka neno nafasi ndani ya chumba kile, na mwanamke aliliinukia kama aliyetupiwa kamba.

Simu iliita mara sita. Ikapokewa.

Alikuwa mkewe.

"Baba watoto? Mbona unapiga kwenye ya huyu?"

Fundi Saa aliuliza ndugu yake yuko wapi. Mkewe alisema ametoka, kama saa moja na nusu hivi, kwenda kununua sabuni na kandambili za hospitali. Amechukua na begi lake, sijui la nini. Alimuaga dada yake vizuri sana, akamshika kichwa kwa mikono miwili, kama dada alivyokuwa akimshika yeye wakati wa utoto. Simu ameiacha inachaji.

Kwa hiyo amekimbia. Fundi Saa alilijua hilo papo hapo, na alijua nani aliyemshtua, kwani simu ya onyo ilitoka kwenye mkono wake mwenyewe. Jumatatu haikuwepo tena. Mkewe alikuwa anaongea na kucheka ndani ya siku ambayo haikuwepo.

"Na watu wake wanavyosumbua," mkewe aliendelea, sauti ikijaa ofisi nzima. "Wamepiga hapa mara tatu. Mwisho nikapokea, maana ilikuwa inanipigia kelele kichwani. Mtu hata salamu hana. Anauliza, ile kazi tuimalize leo au tuendelee kungoja?"

Mkaguzi alisimama. Alimwashiria Fundi Saa kwa mkono, aulize, aulize.

"Kazi gani?" Fundi Saa akauliza.

"Si wale mafundi wake wa rangi? Ndugu yangu ananitengenezea chumba cha kulala nikitoka hospitali, aliniambia jana nisimwambie mtu." Alicheka kidogo, akapumua kwa uchovu wake ule wa siku zote. "Sasa wangoje nini wakati Jumatatu ndiyo hii? Nikawaambia wamalize. Nikawaambia wamalize leo leo."

Yule mwanamke wa mikate alikuwa ameshika ukingo wa meza.

"Baba watoto," simu ilisema. "Mbona kimya? Nimekosea?"